Mshauri wa biashara si lazima awe tajiri

Wengi huamini kwamba mwenye kibanda akitaka kukua amtafute bilionea wa kumshika mkono, au alipie semina ya hotelini. Yaliyoonekana Dandora, Nairobi, ni mengine.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wachumi Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson walifuatilia wanawake wenye biashara changa. Baadhi walisomeshwa darasani. Wengine waliunganishwa na mama mzoefu wa hapohapo mtaani, mwenye miaka isiyopungua mitano kazini. Kundi la tatu halikupewa chochote. Waliosoma walibadili baadhi ya mazoea yao, ila faida haikupanda. Waliopata mama mzoefu walizidi kundi la tatu kwa wastani wa asilimia 20 hivi.

Kilichowasaidia hasa ni kujua mahali pa kununua mali kwa bei nafuu. Hilo bilionea atalijulia wapi? Hata mwalimu wa semina, kwa haki yake, hajui msambazaji yupi wa Dandora anapunguza bei. Tena faida ilififia kadiri jozi zilivyoacha kukutana, kwa sababu bei na wasambazaji hubadilika.