Kabla Hamjataja Jina la Kocha Mpya

Kocha wa Simba au Yanga akiondoka, mjadala wa mrithi wake huwa umeshapamba moto kabla yeye mwenyewe hajafika uwanja wa ndege. Kwenye matawi ya Temeke na vijiwe vya kahawa vya Kariakoo kila mtu ana jina lake. Mmoja anataka Mwarabu, kwa sababu Nasreddine Nabi alikuwa Mtunisia na mambo ya Yanga yakanyooka. Mwingine anataka Mzungu mwenye wasifu mrefu. Wa tatu, ambaye mara nyingi ni mzee, anauliza ni lini mzawa ataaminiwa. Mimi ni kocha mwenye leseni B ya CAF, Shirikisho la Soka la Afrika, na kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuchambua video za mechi kwa ajili ya mabenchi ya ufundi, ikiwamo kuandaa taarifa za makocha wanaofikiriwa kuajiriwa. Mijadala hiyo naipenda na ninashiriki, lakini naona karibu kila mara tunamtafuta mtu kabla hatujakubaliana anakuja kufanya kazi gani.

Tuanze na Ligi Kuu, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunakochukua vipimo vyetu. Tangu msimu wa 2017/18 hadi 2024/25 ni misimu minane, ambayo Simba ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo na Yanga ikafuatia kwa mara nne mfululizo. Katika nusu ya misimu hiyo, bingwa alibadilisha kocha katikati ya safari. Simba ilianza msimu wa 2017/18 na Joseph Omog ikamaliza na Pierre Lechantre. Ya 2019/20 ilianza na Patrick Aussems ikamaliza na Sven Vandenbroeck. Ya 2020/21 ilianza na Vandenbroeck huyo huyo ikamaliza na Didier Gomes. Yanga ya 2024/25 iliwapita wote, kwani ilianza na Miguel Gamondi, ikamwachisha kazi Novemba baada ya kufungwa mfululizo na Azam na Tabora United, ikamleta Sead Ramović, naye akaondoka Februari kwenda Algeria, na hatimaye ni Miloud Hamdi aliyelinyanyua kombe mwezi Juni. Makocha watatu wenye falsafa tatu tofauti walipita katika msimu mmoja, na ubingwa haukuhama Jangwani, makao ya Yanga.

Tukio hilo halina maana kwamba kocha hana kazi. Linaonyesha kwamba kwenye ligi yetu, klabu hizi mbili hubebwa na kikosi kwa kiasi kikubwa kuliko tunavyopenda kukiri. Wapinzani wengi wanapokuja Dar es Salaam hujilinda nyuma wakiwa tisa au kumi, na mechi kama hiyo humalizwa na mguu wa mtu mmoja: Clatous Chama katika ubora wake, Fiston Mayele ndani ya kumi na nane, au Stephane Aziz Ki, ambaye alifunga mabao 21 ya ligi katika msimu wa 2023/24. Kocha aliyewakuta wachezaji wa namna hiyo akashinda mechi kumi za ligi hajatuonyesha bado anachokijua. Ndiyo maana huwa sishawishiki sana ninapoambiwa kwamba fulani ana asilimia kubwa ya ushindi hapa nchini.

Kipimo kipo kwenye mechi za CAF, na hasa za ugenini, ambako mpinzani ana wachezaji wa thamani ile ile au zaidi na tofauti ndogo za maandalizi huonekana wazi. Simba ya Aussems, katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya 2018/19, ilishinda mechi zote tatu za nyumbani, ikiwamo ile ya bao moja dhidi ya Al Ahly, na ikapoteza zote tatu za ugenini, mbili kati ya hizo kwa mabao matano kwa bila. Kipigo kimojawapo kilikuwa Kinshasa mbele ya AS Vita. Miaka miwili baadaye, Februari 2021, Simba ilirudi Kinshasa ikiwa na Gomes aliyekuwa hajamaliza hata mwezi mmoja kazini, ikashinda 1-0, na mwishowe ikaongoza kundi kwa pointi 13 mbele ya Al Ahly. Ni kweli kikosi nacho kilikuwa kimebadilika. Luis Miquissone na Joash Onyango hawakuwapo mwaka 2019. Lakini ukizitazama mechi hizo mbili za Kinshasa kwa utulivu, utaona timu ya pili ilijua lini ipande kukaba na lini irudi nyuma, na umbali kati ya mabeki na viungo haukuachia nafasi ambayo Vita waliitumia mara ya kwanza. Hilo halitokani na usajili peke yake.

Nabi naye heshima yake haikutokana na mataji mawili ya ligi. Ilitokana na safari: Yanga ikatoka sare ya bila mabao na Club Africain nyumbani na wengi wakaikatia tamaa, kisha ikaenda Tunis ikashinda 1-0, ikashinda Lubumbashi kwa TP Mazembe, ikashinda Nigeria kwa Rivers United, na katika fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2023 ikashinda Algiers kwa USM Alger na kulikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini tu, kwa kuwa ilikuwa imelala 2-1 nyumbani kwa Mkapa, na jumla ya mabao ilipokuwa sawa, kombe likaenda kwa aliyefunga mengi zaidi ugenini. Anayesema anataka kocha kama Nabi, basi amtafute mtu aliyewahi kushinda mechi ngumu ugenini. Pasipoti yake haina msaada wowote hapo.

Jambo la pili ambalo mashabiki hulipitia haraka ni tarehe. Ramović alitangazwa tarehe 15 Novemba 2024, na siku kumi na moja baadaye akawa anaongoza mechi ya kwanza ya makundi dhidi ya Al Hilal ya Sudan, ambayo Yanga ilifungwa 2-0 nyumbani. Ikafuata mechi ya Algiers dhidi ya MC Alger, ikafungwa tena 2-0. Baadaye timu ikashika alichokuwa akifundisha, mashabiki wakaimba "gusa, achia, twende kwao", wapinzani wa ligi wakateseka, na hata Al Hilal wakafungwa katika mechi ya marudiano; lakini pointi zilizopotea mwanzoni ndizo zilizoitoa Yanga kwenye makundi. Kocha anayetaka timu ikabe juu na ipige pasi za haraka kwenda mbele anahitaji wiki sita hivi za mazoezi yasiyokatizwa, na huyu alipewa siku kumi na moja. Kwa hiyo, kama kiti kimekuwa wazi mwezi Novemba, swali la busara ni nani anaweza kuiendesha timu ilivyo, bila kuivunja, hadi dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, lifunguliwe. Jina linalofaa Julai huenda lisifae Novemba hata kidogo, na mabishano yetu hayatofautishi miezi hiyo miwili.

Kuna pia suala la leseni, ambalo halina utamu wowote kijiweni lakini huondoa nusu ya majina mezani. CAF inaweka masharti ya kiwango cha elimu ya ukocha kwa anayekaa benchi kama kocha mkuu katika mashindano yake, na si kila cheti cha nje kinakubaliwa. Mwaka 2021 Simba ilijikuta na Gomes ambaye leseni yake haikukidhi masharti hayo, ikalazimika kumwongeza Thierry Hitimana kwenye benchi. Mwaka 2025 ikamtangaza Dimitar Pantev kwa cheo cha meneja mkuu, na watu wakabishana siku nzima kuhusu maana ya neno hilo. Ubishi ule ulikuwa na msingi, kwa sababu kwetu meneja wa timu ni mtu wa safari, hoteli, jezi na vibali, ilhali Waingereza humwita meneja yule anayepanga kikosi na, zamani, hata kusajili. Hakuna klabu ya hapa inayompa kocha madaraka ya meneja wa Kiingereza. Usajili unabaki kwa viongozi na wafadhili, na kocha mpya mara nyingi hukuta nusu ya wachezaji "wake" wameshapiga picha na jezi kabla yeye hajatua. Mtu anayetaka "Ferguson wetu" aanze kwa kujiuliza kama uongozi wake uko tayari kuachia kalamu.

Jambo la wasaidizi nalitaja kwa ufupi, ingawa mimi naliona kubwa. Cedric Kaze aliondolewa ukocha mkuu wa Yanga Machi 2021, kisha akarudi mwaka huo huo kuwa msaidizi wa Nabi, na nadhani kumbukumbu yake ya kikosi ilimwokolea bosi wake miezi mingi ya kujifunza. Kinyume chake, Fadlu Davids alipokwenda Raja Casablanca Septemba 2025, miezi michache tu baada ya kuifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho, aliondoka na watu wake wa benchi, na klabu ikabaki ikitafuta haraka wa kushika benchi. Kila mara ninapoulizwa kuhusu kocha, nami huuliza anakuja na nani, na akiondoka atabaki nani.

Na hao wazawa? Juma Mgunda aliichukua Simba Septemba 2022 kama wa muda, akaenda Luanda akaifunga Primeiro de Agosto 3-1, akamalizia nyumbani 1-0 na kuingia makundi. Kwa kipimo nilichokitaja hapo juu, cha mechi ngumu ugenini, alifaulu. Januari akaletewa Mbrazili, Robertinho, juu yake. Sisemi Robertinho hakustahili. Agosti 2023 alitwaa Ngao ya Jamii mbele ya Yanga kule Tanga. Miezi mitatu baadaye akafungwa 5-1 na Yanga hiyo hiyo na siku mbili baadaye akatimuliwa. Ninachosema ni kwamba mzawa akifaulu tunasema amebahatika, na mgeni akifeli tunasema tutafute mgeni mwingine. Gamondi aliyeonekana hafai Jangwani ndiye aliyekabidhiwa timu ya taifa, Taifa Stars, mwaka mmoja baadaye.

Sasa nieleze kidogo kazi yenyewe ya kumchunguza kocha, maana naulizwa mara nyingi. Klabu moja iliwahi kunikabidhi furushi la wasifu kutoka kwa mawakala, na nyaraka zote zilikuwa nzuri kupita kiasi. Mmoja alijiandikia ubingwa ambao, nilipoufuatilia, ulikuwa wa timu ya vijana na yeye alikuwa msaidizi. Tangu siku hiyo wasifu nausoma mwisho. Ninaanza na mechi tatu: moja aliyofungwa ugenini, moja aliyomaliza akiwa pungufu, na moja aliyocheza akiwa amemkosa mchezaji wake bora. Katika kila moja natazama zaidi kuanzia dakika ya 60 hadi ya 75. Hapo miguu inachoka, mstari wa mabeki unaanza kurudi nyuma wenyewe, na kocha ama anaona mapema na kumwingiza kiungo mkabaji mwenye nguvu mpya, ama anasubiri bao liingie ndipo ainuke. Natazama pia sekunde tano za kwanza baada ya timu yake kupoteza mpira, kwa sababu huko hakuna bahati: ama wamefundishwa ama hawajafundishwa.

Kisha natafuta mechi aliyocheza kwenye uwanja mbovu. Kocha wa Simba au Yanga hachezi kwa Mkapa msimu mzima. Atakwenda Ruangwa, Tabora, Babati na Kigoma, safari ndefu na nyasi za aina aina, na mpira wa pasi fupi fupi ulioufurahia kwenye video za Ulaya hukwama kwenye kichuguu cha kwanza. Romain Folz, aliyekuja Yanga mwaka 2025 akiwa na miaka 35, alikuwa ameshashinda Ngao ya Jamii dhidi ya Simba, lakini watu walikuwa wameshaanza kuguna kwa sababu mpira wake haukuwapendeza. Kichapo cha 1-0 kutoka kwa Silver Strikers kule Lilongwe kilipokuja, hakulala na kazi. Wiki moja baadaye msaidizi wake, Patrick Mabedi wa Malawi, akashinda 2-0 na Yanga ikasonga mbele kwa wachezaji wale wale.

Juzi mzee mmoja wa kijiweni kwetu, ambaye ameiona Simba ikiifunga Yanga sita mwaka 1977 na hachoki kutukumbusha, alinisikiliza nikieleza haya yote, akamaliza kahawa yake, akaniambia: "Mwanangu, hayo tumeyasikia. Wewe unamtaka nani?" Nikamuuliza makundi ya CAF yanaanza lini na dirisha dogo linafunguliwa lini. Akamgeukia aliyekaa pembeni yake, wakaendelea na majina.