Breki ya sumaku katika kuzaliwa kwa nyota

Usiku wa Januari, simama Kayabwe, pale barabara ya Kampala–Masaka inapokata ikweta, utazame utosini. Nyota tatu zilizopangana ni mkanda wa Jabari, kundinyota la Orion. Kusini yake kidogo kuna doa la ukungu: wingu la gesi na vumbi, umbali wa miakanuru 1,300 hivi, na humo nyota zinazaliwa hadi leo.

Wanafunzi huniuliza: kama graviti inavuta gesi, mbona mawingu yote hayajaporomoka zamani yakawa nyota? Swali zuri. Njia Nyeupe, galaksi yetu, ina gesi tele, ila kwa mwaka hutoa nyota zenye jumla ya uzito wa jua moja au mawili tu. Msukosuko wa gesi una mkono wake hapo, na joto la nyota changa pia. Lakini kuna pia uga sumaku, yaani nguvu ya sumaku iliyoenea ndani ya wingu.

Ni dhaifu huo. Katika mawingu mengi haufiki hata sehemu moja ya elfu ya ule unaogeuza dira hapa kwetu. Hata hivyo hunasa chembe zenye chaji, nazo hugongana na molekuli zisizo na chaji na kuzichelewesha zisianguke. Molekuli hizo hupenya polepole, kama chai ipitavyo kwenye chujio majani yakibaki, mpaka kiini kinakuwa kizito na graviti inashinda.

Kwangu mimi, kazi kubwa zaidi ya uga huo ni breki. Kila wingu huzunguka kidogo, na likisinyaa mzunguko huongezeka. Bila kupunguzwa, gesi isingeweza kukusanyika kuwa nyota. Mistari ya sumaku imeshika gesi ya nje, hivyo hukokota ile ya ndani. Aliyesonga posho anajua mwiko unavyogoma ikishakaza.

Tumejuaje, na hakuna aliyepeleka dira huko? Mwaka 1949 Wamarekani William Hiltner na John Hall walionyesha kuwa mwanga wa nyota ukipita kwenye vumbi la angani hutetema zaidi upande mmoja. Sababu ni kwamba punje za vumbi hujipanga kwa kufuata uga sumaku. Setilaiti ya Planck, iliyorushwa na Ulaya mwaka 2009, ilipima mnururisho wa vumbi hilo anga zima. Penye gesi nyepesi, mistari hulala sambamba na nyuzi za wingu. Penye gesi nzito, huzikata. Gesi huona wepesi kuteleza kufuata mistari kuliko kuivuka, basi hujikusanya kwa kuikingama.