Tovuti Inayoeleweka na Kuaminika: Ushauri kwa Vyama vya Ushirika na Wafanyabiashara wa Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho unapokaribia, malalamiko yanayoletwa kwenye kitengo chetu cha TEHAMA hubadilika. Miezi mingine tunaulizwa kuhusu barua pepe zilizofungiwa na kompyuta zenye virusi. Kuanzia Agosti, wengi wanakuja na habari za tovuti. Mnunuzi ametafuta namba ya ofisi ya chama hakuiona. Mgeni anayetaka chumba Mikindani ameshindwa kujua bei, akaenda kwingine. Viongozi wa chama wanataka kubadilisha namba ya simu tu, lakini fundi aliyewatengenezea tovuti amehama na hapokei simu.

Wengi wao wanaomba kitu kimoja: tuwasaidie tovuti ipendeze. Ombi hilo tunalielewa, ila mara nyingi limeanzia mahali pasipofaa. Tovuti haionekani ya kitaalamu kwa sababu ya rangi nyingi, maandishi yanayotembea au picha zinazopishana. Inaonekana ya kitaalamu mgeni anapopata alichokifuata bila kuhangaika, na anapojua kwa hakika anashughulika na nani.

Nitoe mfano wa tovuti ya chama kimoja cha msingi iliyoletwa kwetu. Ilifunguka kwa picha kubwa zinazopishana zenyewe: mwenyekiti akipokea cheti, mgeni rasmi akikata utepe, wajumbe wamesimama mbele ya ghala. Juu yake pameandikwa "Karibu Katika Tovuti Yetu". Ukishuka unakutana na historia ya chama, dira, dhamira na maadili ya msingi. Namba ya simu ilikuwepo, lakini ilikuwa ndani ya picha ya bango, hivyo anayesoma kwa simu hawezi kuigusa ikapiga; ni lazima aiandike pembeni kwenye karatasi kisha aibonyeze tarakimu moja moja. Bei zilizokuwa ukurasa wa kwanza ni za msimu wa 2021/2022, na hapakuwa na tarehe yoyote ya kumwonyesha msomaji kwamba zimepitwa na wakati. Mahali ghala lilipo hapakutajwa popote.

Marekebisho yake hayakuhitaji fedha nyingi. Mstari wa kwanza uwe jina kamili la chama kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, pamoja na kijiji na wilaya. Wa pili useme kazi inayofanyika hapo: kukusanya korosho na ufuta za wanachama na kuzifikisha ghala kuu kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Ifuate namba ya simu ya ofisi iliyoandikwa kama maandishi na kuwekewa kiungo cha kupiga, ikianzia +255, kwa kuwa anayeitafuta anaweza kuwa India au Vietnam. Kisha saa za kazi na ramani. Picha ibaki moja, ya wakulima wakipima mzigo kwenye mzani wa chama, kwa sababu hiyo ndiyo inayoonyesha chama kinafanya nini. Historia na dira vihamie ukurasa wa "Kuhusu Sisi", na anayevihitaji atavikuta huko.

Baadhi ya wajumbe walihofia kwamba ukurasa utaonekana mtupu. Nafasi iliyoachwa wazi kuzunguka maandishi si upungufu. Ndiyo inayomwezesha msomaji kuona kipi ni muhimu. Kila tangazo la bei liwe na tarehe yake. Na kama hakuna mtu wa kuandika habari mpya, sehemu ya "Habari Mpya" iondolewe kabisa, maana habari ya mwisho ikiwa ya miaka mitatu iliyopita, mgeni atadhani ofisi imefungwa.

Tunasikia pia hoja kwamba kwa kuwa minada sasa inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), tovuti ya chama haina kazi tena. Si kweli. Mnada unauza mzigo. Haumwambii mkulima aliyeko Kitangari mkutano mkuu ni lini, wala haumwelezi msafirishaji aliyetumwa na mnunuzi amtafute nani akifika kijijini.

Picha, maandishi na bando la msomaji

Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kuwa na ukubwa wa megabaiti 4. Weka kumi kama zilivyo, ukurasa una megabaiti 40. Msomaji aliye mahali ambapo mtandao unampa megabiti 1 kwa sekunde atasubiri zaidi ya dakika 5 ukurasa ukamilike. Hatasubiri, na bando lake litakuwa limeliwa bure. Picha hiyohiyo ikipunguzwa upana hadi pikseli (nukta zinazounda picha) 1200 hivi na kubanwa, inaweza kushuka hadi kilobaiti 200 au chini yake, na kwenye skrini ya simu hakuna atakayeona tofauti. Programu za kufanya hivyo zipo za bure. Mtakeni fundi awaonyeshe uzito wa ukurasa kabla hamjamlipa sehemu ya mwisho ya fedha yake, na muujaribu kwa simu ya kawaida, mkiwa nje ya mji. Kujaribu kwa kompyuta ya ofisini kwake yenye intaneti ya kasi hakutoshi.

Maandishi yasiwe chini ya pikseli 16 kwenye simu. Fonti (mtindo wa herufi) moja inatosha, mbili zikizidi. Kuhusu rangi, mwongozo wa kimataifa wa upatikanaji wa tovuti (WCAG) unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hakifiki hapo, wala njano juu ya nyeupe. Atakayesoma tovuti yenu atakuwa barazani au kituo cha basi Masasi saa saba mchana, jua linapiga kwenye kioo cha simu. Tafadhali muwafikirie pia wazee na wenye uoni hafifu, na kila picha iwekewe maelezo mafupi ya maandishi ili programu za kuwasomea wasioona ziweze kuyatamka.

Lugha iwe Kiswahili sanifu kilichohaririwa na mtu. Kama mnahitaji Kiingereza kwa ajili ya wanunuzi au watalii, kiwe kwenye kurasa zake, kisichanganywe aya kwa aya. Tafsiri ya mashine iliyobandikwa bila kupitiwa hugundulika mara moja, na huondoa imani haraka kuliko kosa lolote la rangi.

Jina la kikoa ni mali ya nani?

Hapa ndipo penye matatizo mazito, na naomba tusikilizane.

Kikoa ni jina la anwani ya tovuti. Vikoa vya .tz viko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na husajiliwa kupitia wasajili waliothibitishwa. Biashara hutumia .co.tz, vyama na asasi .or.tz, vyuo .ac.tz, shule .sc.tz. Kikoa cha .go.tz ni cha taasisi za Serikali peke yake, kwa hiyo msiendelee kutuomba tuwaombee.

Kosa tunalokutana nalo mara kwa mara ni hili: fundi anasajili kikoa kwa jina lake, kwa barua pepe yake, na kwa akaunti yake kwa msajili. Chama kinalipa, kinapewa risiti ya mkono, kinadhani kimemiliki. Kwenye kumbukumbu za usajili, mmiliki ni fundi. Akihama, akifariki au mkigombana, hamna pa kushika. Kusema "lakini sisi ndio tuliolipa" hakutoshi mbele ya msajili, ambaye anaangalia jina lililoandikwa.

Utaratibu sahihi ni huu. Kwanza, bodi ikubaliane jina na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Pili, kikoa kisajiliwe kwa jina la chama au kampuni kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, herufi kwa herufi. Fundi anaweza kuwekwa kama mtu wa mawasiliano ya kiufundi tu. Tatu, barua pepe ya usajili iwe ya ofisi na isiwe chini ya kikoa hichohicho. Wengi hawalifikirii jambo hili: kikoa kikiisha muda, barua pepe zote zilizo chini yake nazo hukatika, na ujumbe wa kuwakumbusha kulipia hautawafikia. Nne, tafuteni taarifa za kikoa chenu kwenye WHOIS, huduma ya mtandaoni ya kutazama kumbukumbu za usajili wa vikoa, na msome wenyewe jina la mmiliki na tarehe ya kuisha. Tano, kuwe na makabidhiano ya maandishi: jina la mtumiaji na nywila ya akaunti ya msajili, ya seva inakohifadhiwa tovuti na ya mfumo wa kuendeshea tovuti, pamoja na nakala ya mafaili yote. Nywila zibadilishwe siku hiyohiyo ya makabidhiano.

Ulizeni pia kuhusu cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huonya kwamba tovuti isiyo nacho si salama. Hakuna sababu ya kutozwa fedha nyingi kwa ajili yake, kwani asasi ya Let's Encrypt hukitoa bure. Vyeti vyake hudumu muda mfupi, hivyo seva iwe imepangwa kukihuisha yenyewe.

Orodha za wanachama na taarifa binafsi

Baadhi ya vyama hubandika orodha ya malipo ya wakulima kwenye ubao wa ofisi, na sasa tunaona orodha hizo zikipigwa picha na kupandishwa kwenye tovuti zikiwa na majina, namba za simu na namba za akaunti za benki. Nia ni njema, ya uwazi kwa wanachama. Lakini ubao husomwa na waliofika ofisini, na tovuti husomwa na yeyote duniani, wakiwemo matapeli wanaompigia mkulima siku fedha zinapoingia na kumtajia jina lake na benki yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Haihusu benki na kampuni za simu tu, kama tunavyoambiwa kila wiki dirishani. Inamhusu anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi, na fomu ya "Wasiliana Nasi" inayoomba jina na namba ya simu ni ukusanyaji. Wakusanyaji na wachakataji wanatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anayefichua taarifa kinyume na lengo lililokusanyiwa, akiwa mtu binafsi, anaweza kutozwa faini kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Ikiwa ni kampuni au shirika, faini ni kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria au maelekezo ya Tume yenyewe.

Kwa upande wa tovuti, njia ni rahisi. Fomu iombe kile tu mtakachokitumia: anayeulizia bei ya chumba hana sababu ya kutoa namba ya kitambulisho cha NIDA. Andikeni chini ya fomu kwa sentensi moja taarifa hizo ni za kazi gani na zitakaa kwenu kwa muda gani. Orodha za malipo zibaki ofisini, au mwanachama atumiwe zake kwa ujumbe wa simu.

Picha nazo zina wenyewe. Kuikuta kwenye Google si kupewa ruhusa, na kuitumia bila idhini kunaweza kuwaingiza kwenye mkono wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Zaidi ya hapo, mnunuzi wa korosho akiona mandhari ambayo si ya Tandahimba wala Nachingwea atajiuliza na mengine yaliyoandikwa ni ya kweli kiasi gani. Pigeni picha zenu.

La malipo ni fupi. Mteja anapolipa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hajathibitisha. Likiwa jina la mtu asiyemjua, na tovuti inasema jina la nyumba ya wageni au duka, mwenye busara atasitisha, na atakuwa sahihi. Tumieni namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la biashara, kisha mwandike kwenye tovuti jina litakalotokea, kama lilivyo. Maneno kama "bei nafuu" na "piga simu kwa bei" yaondolewe, iandikwe bei na kilichomo ndani yake.

Wale ambao kikoa chao kimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine wanaweza kufika ofisini kwetu tuwasaidie kuandaa barua kwa msajili. Mje na nakala ya cheti cha usajili, muhtasari wa kikao cha bodi kilichoamua suala hilo, barua yenye mhuri iliyosainiwa na mwenyekiti na katibu, stakabadhi zote za malipo, na ujumbe wowote mliowahi kuandikiana na fundi, hata kama ni wa WhatsApp. Fikeni angalau mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kikoa kuisha, kwa kuwa msajili ana haki ya kumsikiliza pia aliyeandikwa kama mmiliki, na majibu hayatoki siku moja.