Kujiona ukitazama: sanaa ya kisasa inavyochezea macho na akili

Kujiona ukitazama ni kushtuka, katikati ya kuangalia kitu, kwamba unayaona pia macho yako yakifanya kazi: yanachagua, yanakisia, yanaruka. Kazi nyingi za sanaa ya kisasa zimetengenezwa kwa ajili ya mshtuko huo. Ndiyo maana kuuliza "hii ni picha ya nini?" mara nyingi hakukufikishi popote.

Chukua picha nyeusi za Mmarekani Ad Reinhardt, alizozichora kuanzia 1960 hadi karibu na kifo chake mwaka 1967. Ni miraba ya futi 5 kwa 5. Ukizitupia jicho ni nyeusi tii, na wengi huishia hapo wakinung'unika. Ukivumilia dakika kadhaa, weusi unaanza kuachana: huku una wekundu kidogo, kule ubuluu, pale ukijani, mpaka umbo la msalaba linajitokeza ndani ya miraba midogo 9. Picha haijabadilika hata chembe. Jicho ndilo lililozoea weusi ule na kuanza kubagua tofauti ndogo. Reinhardt alipunguza mafuta kwenye rangi ili uso using'ae, na kwa sababu hiyo alama ya kidole tu huuharibu. Usitegemee kamera: kwa kawaida tofauti hizo hazitoki kwenye picha ya simu.

Msanii Olafur Eliasson alipitia njia nyingine. Mwaka 2003 alitengeneza jua bandia ndani ya Tate Modern, jumba la sanaa la London, kwa nusu duara ya taa za njano, ukungu, na kioo darini kilichoikamilisha duara. Taa zilikuwa za rangi moja tu, kwa hiyo nguo nyekundu na ya kijani zote ziligeuka njano iliyofifia au nyeusi. Watu walijilaza sakafuni wakipunga mikono, wajue ni nukta ipi kule juu ndiyo wao. Na hakuficha ujanja wake: ukipita nyuma ya jua unaziona taa.

Kinachoharibu zoezi hili la kujiona ukitazama ni haraka. Ubongo ukishapata jina la kitu huacha kukiangalia, na maelezo yanayobandikwa ukutani kando ya kazi hukupa jina hilo mapema mno. Yasome mwisho. Simama hatua mbili tatu kutoka kwenye kazi, kaa dakika 10, tatu za kwanza bila kusema neno. Kisha andika "naona" upande mmoja na "nadhani" upande wa pili. "Naona doa jekundu chini kushoto" ni sawa. "Naona huzuni" ihamishie upande wa pili, halafu jiulize ni kitu gani kwenye picha kilichokupeleka huko. Pengine ni doa lilelile. Pengine hakuna, huzuni ulikuja nayo mwenyewe.

Na kama dakika 10 zimeisha pasipo kutokea lolote, usijilaumu. Kazi nyingine ni dhaifu tu.