Kokoto chini ya chungu hazikaushi udongo

Wengi wetu tunaopenda bustani za nyumbani tulifundishwa kutandaza kokoto ndani ya chungu cha maua, chini kabisa, ati maji yatoke upesi. Sivyo. Udongo una vitundu vidogo vinavyoyashikilia maji kama sponji. Hayashuki kwenye mianya mikubwa ya kokoto mpaka udongo ulio juu yake ulowe chepechepe. Kwa hiyo ule ukanda wa udongo uliolowa, ambao bila kokoto ungekaa chini kabisa, hauondoki, unapanda tu, ukaisogelea mizizi. Inaniuma kuona mmea uliotunzwa kwa upendo ukioza hivi. Jaza udongo mwepesi mpaka chini, na chungu kiwe na matundu. Kigae kimoja cha kuzuia udongo usimwagike hakina neno, mradi kisizibe tundu.