Aliyepewa huduma kwa jamii analala nyumbani kwake

Jamani, aliyehukumiwa huduma kwa jamii hapelekwi kulala gereza la Ukonga wala la Segerea. Kila hukumu ikitoka, ndugu wanauliza godoro lipelekwe gereza gani na asubuhi atatolewa saa ngapi kwenda kazini. Kulala ndani na kutoka mchana kufanya kazi ni utaratibu wa Marekani. Jimbo la Wisconsin liliutungia sheria mwaka 1913. Na wale mnaowaona wakifyeka majani barabarani chini ya askari wanatumikia kifungo cha kawaida, jioni wanarudishwa gerezani.

Sheria yetu Tanzania ya Huduma kwa Jamii ni ya mwaka 2002, na adhabu hii hutolewa badala ya vifungo visivyozidi miaka 3. Mhusika anaridhia, anapangiwa kazi ya umma bila malipo, mathalani usafi wa zahanati au soko. Anafanya kazi kwa muda wa saa 4 kwa siku, anasaini daftari, anaondoka.

Mambo huharibikia kwenye makazi. Kabla ya adhabu, afisa probesheni, yaani anayesimamia wanaotumikia adhabu nje ya gereza, anaandaa ripoti ya uchunguzi wa kijamii, na "Mbagala" peke yake haimtoshi. Anataka mtaa, jina la mwenye nyumba, nani analala naye chumbani. Kisha anafika, anamuuliza mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ndugu, kwa kutafuta heshima, wanataja nyumba ya mjomba Mbezi wakati kijana amepanga Tandale! Afisa akienda Mbezi anaambiwa hajaonekana tangu Idi. Ripoti inaandikwa hana makazi ya kudumu, hakimu anampeleka gerezani. Semeni Tandale. Chumba cha kupanga si kosa.

Kodi ikimwishia katikati ya adhabu, asihame kimyakimya. Amwone afisa kwanza, apeleke barua ya mtaa anaohamia, na aendelee kuripoti kituo cha zamani mpaka apangiwe kingine, hata kama nauli ya kutoka Chanika inauma. Akiugua, msimamizi aambiwe siku hiyohiyo, cheti kifuate. Akitoweka, mahakama inaweza kufuta amri na kumpeleka akatumikie kifungo.

Ila ziara hizi zenyewe zinanitia shaka. Mwenye nyumba akisikia mpangaji wake ana hukumu, anaweza kumtolea vyombo nje, na hapo uchunguzi unakuwa umemnyang'anya makazi yaleyale uliokuja kuyathibitisha. Naona afisa aanze kwa mwenyekiti, faragha, na kwa mwenye nyumba aende tu pale mwenyekiti anaposhindwa kuthibitisha.