Upepo haukifungi kifuniko cha rubani, hukifyonza

Baadhi ya wanaojiundia ndege nyepesi huamini kwamba komeo la kifuniko cha kioo kilicho juu ya rubani ni la kuzuia kelele tu, maana ndege ikishashika kasi upepo wenyewe utakigandamiza. Ni kinyume kabisa. Kifuniko kimebinuka kama mgongo wa bawa: hewa ikipita juu yake huongeza mwendo, shinikizo hushuka, nacho huvutwa kwenda juu. Kwa kilomita 200 kwa saa, mkondo wa hewa una nguvu ya kama niutoni 1,900 kwa mita ya mraba, yaani uzito wa kilo 190 hivi. Hata sehemu tu ya nguvu hiyo yatosha kulishinda komeo lililoshika nusu.

Mengine hutegemea bawaba. Zikiwa mbele, mara nyingi kifuniko huinuka sentimita chache kikaelea hapo. Zikiwa ubavuni, chaweza kufunguka kwa kishindo, kikavunjika, na vipande vikagonga mkia.

Ajabu ni kwamba ndege nyingi bado huruka hata hapo, ingawa kwa shida. Hatari kubwa ni rubani kuhangaika kukifunga huku kasi ikipungua karibu na ardhi. Ishike ndege kwanza, zunguka uwanja, tua.

Wewe unayejenga, weka komeo la pili linalojitegemea, na taa ya onyo inayozimika pini ikiingia hadi mwisho, si kifuniko kikishuka tu. Na kabla ya kuruka, kisukume juu kwa kiganja.